"Mbwa Mkali" Si Kitabu

Maandishi ya Kiswahili yanayojulikana kuliko yote kuhusu mbwa ni maneno mawili tu: "Mbwa Mkali". Yameandikwa kwa rangi nyekundu juu ya vipande vya bati na mbao, yakatundikwa malangoni kutoka Mombasa hadi Mbeya. Na mara nyingi hata hayo mawili hayakuandikwa sawasawa; mwandikaji huandika "mbwa kali", akavunja sarufi kabla mbwa hajavunja mguu wa mtu. Mpita njia akishayasoma, elimu yake ya mbwa imekwisha. Hajui mnyama yule amekuwa mkali kwa sababu gani, amechanjwa au hakuchanjwa, wala afanye nini iwapo lango litaachwa wazi. Lugha yenye tenzi, tafsiri za vitabu vitukufu, sheria na kamusi, imeridhika kumweleza mnyama wa kwanza kufugwa na binadamu kwa tishio moja lililopakwa rangi.

Sisi tunashika hoja moja, nayo tutaitetea mpaka mwisho. Kiswahili kinahitaji vitabu vya kuwaelewa na kuwatunza wanyama tunaoishi nao: mbwa, paka na punda. Tunataka vitabu vizuri, vya bei nafuu, vilivyotungwa na watu wa hapa kwa ajili ya watu wa hapa, wala si vijikaratasi vya matangazo ya siku moja. Kukosekana kwa vitabu hivyo si upungufu wa fasihi peke yake. Ni ujinga unaogharimu maisha, na wanaolipa gharama hiyo kwa wingi ni watoto.

Tunajua kwamba hoja hii huchekwa. Tumekwisha kuisikia ikichekwa mikutanoni na maofisini. Mmoja husema huo ni uzungu, wa pili husema ni najisi, wa tatu husema watu bado hawajashiba, wa nne husema vitabu vya Kiingereza viko tele, na wa tano husema Kiswahili hakina maneno ya kutosha. Kila mmoja tutampa jibu lake. Lakini kwanza na tuseme jambo lenyewe lina uzito gani.

Ugonjwa wa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, kwa makadirio yanayotumiwa na Shirika la Afya Duniani, na walio wengi hufia Afrika na Asia. Karibu wote wameupata kwa kuumwa na mbwa. Katika kila watu 100 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 40 ni watoto wasiofikia miaka 15. Dalili zikishamtokea mtu, tiba karibu haipo tena. Lakini kabla ya dalili kutokea, kinga ipo, tena inajulikana. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwezi Julai mwaka 1885, naye akapona. Tangu siku hiyo imepita zaidi ya karne moja, na bado mtoto wa kijijini hufa kwa maradhi ambayo dawa yake ilijulikana kabla babu wa babu yake hajazaliwa.

Hufa kwa nini? Wakati mwingine kwa sababu chanjo iko mbali au ni ghali. Hilo ni deni la serikali na hospitali, nalo lidaiwe huko. Lakini wakati mwingine hufa kwa sababu hakuna mtu nyumbani aliyejua la kufanya. Jeraha lilipakwa pilipili, au jivu, au mafuta, au dawa ya miti, kisha likafungwa kitambaa. Laiti nyumba ile ingekuwa na kitabu kimoja, kingewaambia: osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo mdogo, kisha mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile, na akianza sindano azimalize zote. Kingewaambia pia kwamba mbwa mwenye kichaa si lazima awe anakimbia huku akiuma kila kitu. Mwingine hunyamaza, akajificha gizani, taya likalegea, udenda ukamchuruzika, asiweze kumeza. Na mwenye huruma asiyejua humtia mkono kinywani akidhani amekwamwa na mfupa. Huruma isiyo na elimu imemchimbia kaburi mtu mwema.

Baada ya kusema hayo, na tumwendee mpinzani wa kwanza, yule anayesema kwamba kumjali mbwa na paka ni uzungu.

Mpinzani huyu hajui mali ya nyumba yake mwenyewe. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London ngano za Kiswahili alizozikusanya Unguja, na mojawapo ni kisa cha Sultani Darai. Ndani yake yumo maskini aliyekuwa akichakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja akaokota fedha kidogo, na badala ya kununua chakula akanunua paa. Paa yule akamtendea wema usio na kifani: akamtafutia mke wa kifalme, akamuulia nyoka mwenye vichwa vingi, akamweka katika jumba la fahari. Kisha paa akaugua. Bwana wake, aliyekwisha kuota tumbo na kusahau jaa, akamnyima hata uji wa kumfaa mgonjwa. Paa akafa kwa huzuni, akatupwa kisimani. Na yule bwana usingizini mwake akarudi alikotoka; alipozinduka akajikuta yupo jaani, anachakura.

Tunamwuliza mpinzani: ngano hiyo ilitungwa Ulaya? Wazee waliowasimulia wajukuu zao kisa hicho hawakuwa wakiiga mtu. Walikuwa wakifundisha kwamba mnyama aliyekutumikia ana haki juu yako, na kwamba anayemdharau mnyama wake mgonjwa amekwisha kujirudisha jaani, hata kama bado amelala kitandani. Hilo ni funzo letu la kale. Tulichokosa ni kuliendeleza katika vitabu.

Na punda je? Uchunguzi wa nasaba za punda wa dunia, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba punda alifugwa kwa mara ya kwanza Afrika ya Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita, ndipo akaenea ulimwenguni. Kwa hiyo kila punda anayebeba mzigo Uchina au Mexico ni mjukuu wa punda wa upande wetu huu. Sisi ndio tuliowapa walimwengu punda. Na badala ya kuwapa pamoja naye kitabu cha kumtunza, tumewapa methali isemayo punda afe, mzigo ufike. Wakati ngozi yake ilipoanza kutafutwa nje kwa ajili ya dawa, punda walichinjwa kwa wingi kiasi kwamba mwezi Februari mwaka 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Methali ilikuwa imekaribia kutimia: punda angekwisha, na mzigo usingekuwa na wa kuubeba.

Tazameni tena yaliyotokea kwa mbwa wa misitu ya Kongo. Mbwa hao hawabweki kama wengine, na wenyeji wakienda nao kuwinda huwafunga njuga za mti shingoni ili wajue walipo. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwachukua kwao, wakawatunza, wakaandika nasaba zao, wakawaonyesha katika mashindano na kuwatungia vitabu. Wakawaita Basenji, jina lililotokana na neno la Kilingala ambalo ni ndugu wa neno letu "washenzi". Huku kwetu nako walowezi walikuwa na msemo wao wa "mbwa wa shenzi" kwa kila mbwa wa Mwafrika. Mbwa yule yule akiwa kibandani kwetu ni mshenzi. Akivuka bahari amekuwa wa kuandikiwa vitabu. Basi ni nani aliyetawaliwa na kasumba: anayetaka mbwa wetu aandikwe kwa lugha yetu, au anayekubali kwamba mbwa wetu hastahili kuandikwa mpaka apewe cheti na mgeni?

Hapa hatuna budi kukiri kwamba kinyongo cha watu wetu juu ya mbwa wa kufugwa mjini hakikuzuka bure. Mbwa alitumiwa kama kiboko. Katika Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, polisi waliwaachia watu mbwa. Na huko Birmingham, katika jimbo la Alabama, Marekani, mwezi Mei mwaka 1963, dunia nzima iliona picha za mbwa wa polisi wakiwararua vijana weusi waliokuwa wakidai haki zao. Lakini tufikiri vyema: mbwa yule hakuzaliwa mbaguzi. Alifunzwa na mkono wa mtu. Anayeielewa tabia ya mbwa ndiye anayejua jinsi ukali unavyotengenezwa, na jinsi unavyoweza kuzuiwa. Kuukataa ujuzi huo ni kuwaachia upande mmoja tu wa dunia elimu ya kumwamuru mbwa, na upande wa pili kuubakizia kazi ya kukimbia.

Mpinzani wa pili hutaja dini. Tunamheshimu, na tunamjibu kwa adabu. Kwamba Mwislamu hujikinga na mate ya mbwa ni jambo la tohara, wala hatumwombi alibadilishe. Lakini tohara si ukatili, na wala si ujinga. Kila aliyepita chuoni amesikia hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake; na hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka bila chakula, akaadhibiwa kwa sababu hiyo. Mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Kurani. Swahaba mashuhuri alijulikana kwa jina la Abu Huraira kwa sababu ya kijipaka chake. Mkristo naye anafundishwa na kitabu cha Mithali kwamba mtu mwenye haki huangalia uhai wa mnyama wake.

Tena tukumbuke historia ya vitabu vyenyewe. Huko Iraki, Al-Jahiz, aliyefariki katika karne ya 9, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama, na ndani yake akaweka mjadala mrefu baina ya mtetezi wa mbwa na mtetezi wa jogoo. Baada yake Ibn al-Marzuban, mwanachuoni wa Baghdad aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kueleza ubora wa mbwa kuliko wengi wa wanaovaa nguo. Hao walikuwa Waislamu, tena walioishi miaka elfu moja na zaidi kabla yetu. Ikiwa Baghdad iliweza kuandika, Bagamoyo inazuiwa na nini?

Mpinzani wa tatu ana sura ya huruma. Husema: watu kwanza, wanyama baadaye, mtoto hana daftari, ninyi mnataka kitabu cha paka. Maneno haya ni matamu kusikika, lakini hayana kichwa wala miguu. Nani amesema kwamba hapa pana mizani miwili? Yafikirini yaliyotokea Pemba, kisiwa ambacho wakazi wake karibu wote ni Waislamu na ambako mbwa si mnyama wa kukumbatiwa. Walianzisha kampeni za chanjo ya mbwa kila mwaka kisiwani kote, na kufikia Mei 2014 kichaa cha mbwa kilikuwa kimetoweka. Kisha chanjo zikalegalega. Mwishoni mwa mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje, ukawakuta mbwa wasio na kinga, ukaenea. Chanjo zikarudishwa, na mwezi Oktoba 2018 ukakomeshwa tena. Katika muda wote huo, idadi ya watu walioumwa na waliokufa ilipanda na kushuka pamoja na chanjo ya mbwa. Wapemba hawakumchanja mbwa badala ya mtoto. Walimchanja mbwa, mtoto akapona.

Wataalamu wanasema yatosha kuchanja mbwa 70 katika kila 100 ili mnyororo wa maradhi ukatike. Lakini mbwa hajipeleki kuchanjwa. Hupelekwa na mtu anayemjua, anayeweza kumshika, anayemwita akaja. Mbwa aliyezoea mawe na mateke hakamatiki siku ya chanjo. Na mbwa asiyekamatika ndiye atakayeleta maafa. Wako wanaosema dawa ni kuwaua wote. Hilo limejaribiwa katika nchi nyingi bila kufaulu: wauawapo mbwa, hufa na wale waliochanjwa, na nafasi zao hujazwa na wageni wasiochanjwa. Basi kumtunza mbwa si anasa ya walioshiba. Ni sehemu ya afya ya umma, kama vile kuchimba choo na kuchemsha maji.

Mpinzani wa nne ni msomi. Yeye hatupingi katika jambo lenyewe; husema tu kwamba vitabu hivyo vipo kwa Kiingereza, anayetaka na asome huko. Huyu ndiye tunayemwogopa zaidi, kwa kuwa anashikilia funguo za shule.

Kwanza, ni watu wangapi wanaoweza kuvisoma? Mfugaji wa punda wa Dodoma, mama mwenye paka Kariakoo, kijana anayechunga mbuzi na mbwa wake Singida, hawa ndio wenye wanyama. Nchi yetu ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, nayo ni sheria njema. Lakini ilipotungwa iliandikwa kwa Kiingereza. Mwendesha mkokoteni anayekatazwa kumpiga punda mwenye donda alikatazwa kwa lugha asiyoijua.

Pili, vitabu hivyo havikutuandikia sisi. Vinazungumzia theluji, vyakula vya makopo na mbwa anayelala juu ya zulia. Havina neno juu ya mbung'o, ambaye humwambukiza mbwa ndorobo kama anavyomwambukiza ng'ombe. Havimwelezi mtu anayempa mbwa wake ugali na dagaa aongeze nini na apunguze nini. Havijui kwamba paka wengi wa huku hulishwa ugali na maziwa matupu, ilhali paka hawezi kuishi kwa nafaka. Mwaka 1975 iligunduliwa kwamba paka akikosa aina fulani ya kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki, macho yake hupofuka. Mwaka 1987 ikagunduliwa kwamba moyo wake nao hudhoofika kwa sababu hiyo hiyo. Vichwa viwili vya samaki vilivyotupwa sokoni vyaweza kuyaokoa macho ya paka, lakini nani amemwambia mwenyewe kwa lugha anayoielewa? Nani amemwambia kwamba kidonge cha kutuliza maumivu ya kichwa, ampacho paka kwa huruma, kinaweza kumwua?

Tatu, na hili wasomi wetu hulisahau, vitabu vya wageni hukosea pia. Konrad Lorenz, mtaalamu mkubwa wa tabia za wanyama aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 1973, aliandika mwaka 1950 kitabu mashuhuri juu ya binadamu na mbwa, na ndani yake akadai kwamba mbwa wengi wamezaliwa na ukoo wa mbweha. Baadaye yeye mwenyewe aliiacha rai hiyo, na leo ni wazi kwamba mbwa wote wametokana na mbwa mwitu wa kijivu wa kaskazini. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel alieleza tabia za mbwa mwitu waliofungiwa pamoja mahali pamoja, wakigombania ukubwa. Kutokana na habari za namna hiyo kulizuka vitabu vingi vya kuwafundisha watu kwamba mbwa daima anataka kupindua serikali ya nyumba, kwa hiyo ni lazima agandamizwe, alazwe chali, atiwe hofu. Mwaka 1999 David Mech, ambaye kitabu chake mwenyewe cha mwaka 1970 kilisaidia kuieneza dhana hiyo, aliandika kwamba mbwa mwitu walio huru porini hawaishi hivyo; kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto. Lakini vitabu vya ugandamizaji vilikuwa vimekwisha kusafiri. Tukitafsiri bila kuchambua tutajiletea mzigo wa makosa yaliyokwisha kutupwa na wenyewe.

Na hapa tuseme jambo la kuchekesha lenye uchungu ndani yake. Nendeni katika nyua za wenye nafasi mijini mkasikilize. Baba anazungumza Kiswahili na mkewe, Kiswahili na watoto, Kiswahili na mlinzi. Akimgeukia mbwa, ghafula anazungumza Kiingereza. Mbwa aliyezaliwa Temeke anaamriwa kwa lugha ya London, kana kwamba masikio yake yametengenezwa Uingereza. Mbwa hajui Kiingereza, wala Kiswahili. Anajua sauti, mkono na ahadi ya chakula. "Kaa", "njoo", "acha", "ngoja": silabi moja au mbili, wazi, rahisi kutamka kwa nguvu. Hakuna lugha iliyojaliwa maneno ya amri yanayofaa zaidi.

Jibu hilo linamtosha pia mpinzani wa tano, anayesema Kiswahili hakina maneno. Hebu na tuhesabu. Mbwa hubweka, hunguruma, hulia, hufyata mkia, hutikisa mkia, huyasimamisha manyoya ya mgongoni. Paka hunyau, hukoroma kwa raha, hunyata, huvizia, huparura. Na akihama nyumba akaishi peke yake, tumempa jina la paka shume. Wadudu na maradhi tunayo majina yao: viroboto, kupe, chawa, minyoo, upele, ukurutu. Methali zetu zinathibitisha kwamba wazee walitazama kwa makini. Aliyesema kwamba mbwa hafi maji akiona ufuko, alimwona mbwa akiogelea, akamtazama mpaka alipofika. Lugha haikupungukiwa. Waliopungukiwa ni waandishi, na sisi washairi tumo katika hesabu hiyo.

Liko pingamizi la mwisho, nalo ni la fedha. Mchapishaji mmoja, ambaye hatumtaji, aliletewa mswada wa kijitabu cha namna hii akaurudisha na jibu la mstari mmoja: hakina soko. Sisi twauliza, soko la "Mtu ni Afya" lilikuwa wapi? Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni yenye jina hilo kwa vijitabu, vipindi vya redio na vikundi vya kujisomea, na watu wapatao milioni mbili walishiriki. Walisoma, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo na kusafisha visima. Hakuna aliyeuliza kama kijitabu cha choo kina soko. Kiliandikwa kwa sababu watu walikihitaji, kikasomwa kwa sababu kilisema jambo la kweli kwa lugha yao. Njia ilikwisha kukanyagwa. Kilichobaki ni kuipita tena.

Basi kitabu tunachokidai kiwe na nini? Kimfundishe mtoto kuusoma mwili wa mbwa kama asomavyo ukurasa: kwamba mkia unaotikisika si furaha daima, kwani mkia ulionyooka juu na kutikisika kwa ukakamavu ni onyo, kwamba mbwa anayegeuza uso, anayeramba midomo bila chakula na kulaza masikio, anasema "naogopa, niache". Kimfundishe asimguse mbwa anayekula, aliyelala, au anayenyonyesha. Na mbwa mgeni akimjia, asikimbie wala asimkazie macho, bali asimame kimya kama mti, mikono kifuani, mpaka aondoke. Kimwambie mfugaji asimtoe mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya majuma manane, na kwamba majuma ya kwanza ya maisha, kama walivyothibitisha John Paul Scott na John Fuller katika kitabu chao cha mwaka 1965, ndiyo yanayoamua iwapo mbwa atawazoea watu au atawaogopa maisha yake yote. Mbwa anayefungwa mnyororo tangu utoto, asiyeona ila ukuta, hatakuwa mlinzi. Atakuwa hofu yenye meno. Paka naye aelezwe, na punda aelezwe: kwato zake, meno yake, matandiko yasiyomchubua, na mzigo usiozidi nguvu zake.

Sisi wenyewe tulianza kwa ubeti mmoja tu, nao tunauweka hapa uwe mwaliko kwa wenye kalamu bora:

Mlinzi wetu wa jadi, mlangoni kajilaza,
Akesha pasi zawadi, usiku wote wa kiza,
Tutimize na ahadi, ya chanjo na kuuguza,
Si haki kumpuuza, hata akiwa ni koko.

Walimu, kazi hii yaweza kuanza kabla ya mchapishaji kukubali. Wapeni wanafunzi wenu insha juu ya mbwa wa kijiji chao: wangapi, ni wa nani, wanakula nini, wangapi wamechanjwa. Waiteni mabwana mifugo waje darasani waeleze kwa Kiswahili, na maneno wanayokwama yaandikeni. Wanafunzi, waulizeni wazee majina ya kale ya maradhi ya punda na jinsi wasasi walivyowalea mbwa wao, kisha yapimeni majibu yao kwa sayansi mnayoisoma. Ninyi mna lugha mbili mkononi. Mkizitumia kuvusha elimu kutoka ng'ambo moja hadi nyingine, mtakuwa mmelipa ada yenu kwa taifa.

Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa yapata miaka 14,000 iliyopita, na pamoja nao mbwa mchanga. Wataalamu walioyachunguza meno yake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2018, walisema aliugua vibaya tena na tena, na kwamba asingeweza kuishi majuma yale bila mtu wa kumuuguza. Watu wale hawakuwa na chuma, wala shamba, wala herufi moja ya kuandikia; lakini walijua kumuuguza mbwa mgonjwa asiyeweza bado kuwafaa kwa lolote. Sisi tuna herufi, tuna mitambo ya kuchapa, tuna lugha inayosikika kutoka pwani hadi ndani ya Kongo. Kama tutashindwa kuandika walichokijua wao, tusiseme kwamba tulikosa maneno.